Inzi Waliosahau Juu

Kismayu, 6 Novemba 1956

Kwa mjomba wangu Shee,

Nakubusu mkono kutoka mbali. Kabla hujaendelea kusoma, mfikishie mama salamu zangu, kwa sababu najua amesimama mlangoni anangoja kusikia jina lake. Mwambie papa mkavu amefika na shangazi Mwanasiti amemsifu, jambo ambalo si kawaida yake. Mdogo wangu Umi mwambie kalamu nyekundu nimemwekea, lakini asiichukue kupaka vidole.

Mimi ni mzima, ila nimechoka. Tunasoma kwa Kitaliano tangu asubuhi, na nikirudi nyumbani maneno yake bado yananizunguka kichwani hata sisikii ninachoambiwa. Shangazi asema nimekonda. Nikamwambia ni vitabu. Akasema, "Vitabu havijamkondesha mtu. Wewe unaogopa kuomba chakula mara ya pili." Ni kweli.

Sasa nikueleze kilichonifanya nishike kalamu. Maestro wetu wa sayansi amenichagua nimsaidie kazi yake, kwa sababu, alivyosema mbele ya wote, mimi sipigi kelele. Wenzangu walicheka, na tangu siku hiyo wananiita Sultani wa Inzi. Kazi yenyewe ni ya inzi wale wadogo wenye macho mekundu wanaozunguka ndizi zilizoiva sana. Nawakamata jikoni kwa shangazi, nawatia kwenye chupa ndefu nyembamba ya kioo, naiziba kwa pamba. Kisha naigonga chupa juu ya meza. Inzi wote wanaanguka chini. Na mara hiyo hiyo, mjomba, wote wanageuka na kuanza kupanda. Ukigonga tena, wanaanguka tena, wanapanda tena. Hawachoki. Mimi ndiye niliyechoka kugonga.

Nilidhani wanafuata mwanga. Maestro akaifunika chupa kwa kitambaa cheusi, tukangoja, tukafunua ghafla. Walikuwa juu. Gizani pia wanajua juu ni wapi. Maestro anasema uzito unaotuvuta sote chini, inzi anausikia mwilini, na kwa kuusikia anajua aende upande wa pili. Lakini anausikia kwa kiungo gani? Hilo ndilo tunalotafuta.

Je, mmeanza kutoka na taza, yule samaki wetu wa kunasia kasa? Nilipoondoka alikuwa amefungwa uzi mkiani kwenye kile kidimbwi nyuma ya nyumba, nami nilikuwa nikimlisha vidagaa kwa mkono. Kile kibao chake cha kichwani anachomnatia kasa kilikuwa kikininata kidoleni. Mwambie namkumbuka. Kasa wangapi mmepata?

Mpwa wako,
Nasrudin

*

Kudha, 19 Mfungo Saba 1376

Mwanangu Nasrudin,

Barua yako imefika na mama yako nimemsomea mara mbili. Sehemu ya kukonda niliiruka, lakini akaniuliza, "Mbona umenyamaza hapo?" ikabidi nirudi. Sasa anakutumia samli. Ukiipata, kula mbele ya shangazi yako, asije akasema sisi ndio tuliokunyima.

Umi amepata homa na amepona. Paa la jikoni tumelisuka upya upande wa bahari. Kuku wa mama yako wamepungua, na paka wa jirani ameongezeka unene, na hakuna anayetaka kusema neno.

Hiyo habari ya inzi imetufurahisha. Mama yako asema hakukupeleka Kismayu ukafuge inzi, angekuachia wa huku bure. Mimi nimemwambia kila kazi ina mlango wake. Hata mimi nilipoanza kuzamia baba alinikalisha mwaka mzima nasuka nyuzi tu.

Mimi siku hizi niko nyumbani zaidi. Natengeneza nyavu. Bahari imekuwa na upepo mbaya na sikio langu la kulia limeingia maji kidogo, si kitu. Nalala sana mchana. Mtu akifika umri huu mwili unadai.

Taza usimwulizie.

Soma kwa bidii. Usiogope kuomba chakula.

Mjomba wako,
Shee

*

Kismayu, 11 Desemba 1956

Kwa mjomba wangu Shee,

Salamu zangu kwako na kwa mama, na namshukuru Mungu kwa kupona kwa Umi. Samli nimeila mbele ya shangazi kama ulivyoagiza. Alinitazama hadi nikamaliza, akasema, "Haya, sasa waandikie kuwa una mashavu."

Sikuelewa ulivyoandika kuhusu taza. Amekufa? Au amekata kamba akaenda zake? Mbona upepo mbaya, na Abubakar anayeleta samaki wa huko hapa sokoni anasema bahari imelala kama mkeka? Labda nimesoma vibaya.

Kazi yetu imesonga mbele. Inzi ana vipapasio viwili usoni, vifupi sana, na kila kimoja kina kijinywele kinachoning'inia. Maestro alisema kijinywele hicho huenda kinainama kwa uzito, na kwa kuinama kinamwambia inzi chini ni wapi. Alisema huenda. Hakuwa na hakika, akataka tujaribu. Tukawalevya inzi kwa dawa, tukawakata vipapasio kwa ncha ya sindano chini ya kioo cha kukuzia. Mkono wa maestro unatetemeka kwa kahawa, kwa hiyo wengi nimewakata mimi.

Walipoamka tuliwatia kwenye chupa, tukafunika kitambaa, tukagonga. Mjomba, ungewaona! Tulipofunua walikuwa wametapakaa chini. Mmoja anazunguka palepale, mwingine anapanda kidogo kisha anageuka, mwingine anatembea kwenye kitako cha chupa kana kwamba amefika. Miguu yao ni mizima, mabawa yao ni mazima. Wana nguvu zote za kupanda, lakini hawajui waende wapi. Darasa zima lilicheka, na mara hii hawakunicheka mimi. Maestro alinipiga bega akasema bravo. Sijawahi kuambiwa bravo.

Nimewapa jina: Waliosahau Juu.

Nijibu haraka ukiweza. Barua zako zinakuja fupi.

Nasrudin

*

Kudha, 27 Mfungo Nane 1376

Nasrudin,

Sisi ni wazima. Mama yako ni mzima.

Nimesoma habari za inzi wako. Sikumsomea mama yako sehemu hiyo, nimemwambia mwalimu amekusifu, basi.

Niulizie huyo maestro. Hao waliokatwa, wakitulia bila kusogea, dunia inawazunguka? Au inazunguka wakisogeza kichwa tu? Na wakilala upande mmoja wanapata nafuu? Na je, baada ya muda wanazoea, au wanabaki hivyo hivyo mpaka mwisho?

Na nyinyi mliokuwa mkicheka, mlicheka nini?

Shee

*

Kismayu, 12 Januari 1957

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa heshima na kwa woga. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelainika kwenye mikunjo. Hakukuwa na "mjomba wako" mwishoni.

Nilikwenda sokoni kwa Abubakar. Unajua mimi si mtu wa kuuliza watu. Nilisimama mbele ya samaki wake mpaka akasema, "Wanunua au wawahesabia miba?" Nikamwuliza habari zako. Akacheka, kisha akaona sicheki.

"Mjomba wako siku hizi atembea na ukuta," akasema. "Toka msikitini hadi nyumbani, mkono ukutani, kama bibi harusi."

"Anaumwa?"

"Aumwa aibu. Wamwona hivi, mchu mzima, kavuta uzi wa taza! Kautundikia mwili wake wote. Taza kachanika kichwa, kasa kaenda, na Badi nahodha katukana tangu huko mpaka ufukweni. Mtoto akifunzwa bahari, kwanza aambiwa nini? Usivute uzi wa taza. Ufuate kwa macho tu. Sasa mzamiaji aliyenyoa watu ndevu kwa maneno wakiugusa, yeye yuwavuta uzi!"

Nilirudi nyumbani nikakaa na chupa zangu. Mjomba, wewe ndiye uliyenifunza kanuni hiyo. Ulinipiga kofi nilipoujaribu uzi kwa kidole tu. Nikajiuliza kwa nini mtu kama wewe aushike uzi na kujivuta nao. Kisha nikakumbuka maswali yako, na sikio ulilosema limeingia maji.

Nilimwuliza maestro, bila kutaja mtu. Alisema binadamu naye ana kitu kama vipapasio vya inzi, lakini kiko ndani ya sikio, nyuma ya ile ngozi ya ngoma. Kuna vifuko vyenye maji na nywele ndogo sana, na juu ya nywele kuna chembe kama za chokaa. Chembe zinalemea upande wa chini, nywele zinainama, na mtu anajua. Akasema ngozi ya sikio ikipasuka na maji baridi ya bahari yakaingia ndani, dunia yote inageuka, na mzamiaji hajui tena juu ni wapi. Nikamwuliza, anazoea? Akasema wengine wanapata nafuu wakiwa nchi kavu, mwendo ukarudi. Lakini asiingie majini tena. Hilo alilisema mara mbili bila kuulizwa.

Sisi tulicheka kwa sababu hatukujua. Mimi niliwakata kwa mkono wangu na nikacheka.

Nakuuliza, mjomba, na nisamehe kwa kuuliza: ni hivyo?

Kuna jambo moja la kukufariji. Jana niliiweka chupa ya Waliosahau Juu mahali penye giza, nikaweka taa juu yake. Walipanda. Wote walipanda moja kwa moja kuelekea taa, kama wale wazima. Kumbe hawajapotea kabisa. Mwanga ukiwapo, macho yanafanya kazi ya vipapasio.

Mpwa wako anayekuomba radhi,
Nasrudin

*

Kudha, 22 Mfungo Kenda 1376

Mwanangu Nasrudin,

Salamu zako zimefika na radhi unayo, hukunikosea. Mama yako amejenga kibanda kipya cha kuku. Umi ameanza juzuu ya pili na anaisoma kwa sauti ya kuamsha mtaa.

Umeniuliza. Nitakujibu mara moja, kisha tusiirudie habari hii.

Ilikuwa siku nzuri. Taza alimnata kasa chini ya jabali, kwenye maji marefu, nami nikashuka nikiufuata uzi kwa macho kama siku zote. Nilipofika karibu sikio likalia kama kibuyu kinachovunjwa. Sikusikia maumivu sana. Nilisikia baridi imeingia ndani ya kichwa. Kisha bahari ikaanza kuzunguka. Si kama kizunguzungu cha njaa, hicho nakijua. Hii ilikuwa kama mtu amenishika miguu ananizungusha. Jabali lilikuwa juu yangu, kisha pembeni, kisha juu tena. Kisha maji yakajaa vumbi la mchanga, nisione kitu tena. Nikapiga miguu kwenda juu, kichwa kikagonga jabali. Nikapiga tena, likagonga bega. Pumzi ikawa inakwisha. Mkono ukagusa uzi. Nikaushika.

Nilijua ninachofanya. Nilijua taza atachanika. Nilijivuta mkono kwa mkono mpaka nikaona mbao za mashua.

Badi alinitukana, na ana haki. Nilipoulizwa kwa nini, nilinyamaza. Ningesema nini? Kwamba Shee, mwana wa mzamiaji, mjukuu wa mzamiaji, hajui juu ni wapi? Mtoto mchanga ukimtupa hewani anajua. Heri waseme nimekuwa mwoga. Mwoga anaweza kushuka tena siku nyingine, watu wakasahau.

Tangu hapo nimechoka, Nasrudin. Nikilala kitanda kinainama. Nikisujudu naogopa kuinuka. Nafanya kazi ya kusimama tu, na jioni mwili unauma kana kwamba nimepiga kasia mpaka Burgao. Lakini ukuta nimeuacha. Abubakar umwambie.

Sasa, barua yako imenipa jambo la kufikiria. Inzi waliokatwa wanapanda wakiwa na taa. Nimeisoma sehemu hiyo mara nyingi. Kosa langu lilikuwa kushuka asubuhi, kwenye maji ya vumbi. Nikishuka adhuhuri, jua likiwa utosini, maji yakiwa safi, mwanga utakuwa juu tu. Sitahitaji sikio.

Badi amepata taza mpya na anamzoeza. Nimemwambia nitashuka na taza huyo. Akasema, "Ukivuta uzi tena, Shee, usipande kwenye mashua yangu." Nikamwambia sitauvuta.

Umenisaidia kuliko unavyojua. Kumbe masomo yana faida.

Mjomba wako,
Shee

*

Kismayu, 5 Februari 1957

Mjomba,

Usishuke.

Nisamehe sikuanza na salamu. Barua yako nimeipata leo asubuhi. Nimekimbia mpaka bandarini na jahazi la Abubakar limekwisha kuondoka. Kuna mashua nyingine inayokwenda kwa njia ya Burgao, nimemwomba baharia wake aichukue barua hii, na ananingoja akinung'unika wakati naandika juu ya pipa.

Ile habari ya taa sikuimaliza kuieleza. Niliona wamepanda nikafurahi, nikaacha. Baada ya kukuandikia nilijaribu tena. Taa nikaiweka pembeni ya chupa, na waliokatwa wakaenda pembeni, wakabanana kwenye kioo. Nikaiweka chini ya chupa. Wakashuka, mjomba. Wakashuka wote kwenye kitako cha chupa na wakakaa hapo wametulia, kwa sababu kwao ilikuwa juu. Wale wazima nao niliwawekea taa chini. Walisitasita, lakini wengi walirudi kupanda, maana vipapasio viliwakataza. Waliokatwa hawana cha kuwakataza. Wanaamini mwanga wowote.

Mwanga haujui juu ni wapi. Unakuja kutoka popote.

Mimi ndiye niliyekuandikia nusu ya jambo. Kama ungekuwa hujaisoma barua ile ungekuwa umekaa nyumbani unasuka nyavu. Nakuomba kwa haki ya mama, usishuke hata kama maji ni safi kama ya mtungi. Kama ni lazima niseme mimi kwa Badi, nitasema. Nitakuja mwenyewe, niache shule, nisimame mbele ya watu niseme, ingawa unanijua, mbele ya watu sauti haitoki.

Baharia ananiita.

Nasrudin

*

Kudha, 24 Rajabu 1376

Mwanangu Nasrudin,

Pokea salamu zangu, nami naziandika kwa mkono wangu mwenyewe kama unavyoona, ili moyo wako utulie kabla hujasoma zaidi. Mama yako ni mzima. Umi amekula limau zima kwa kushindana na watoto wenzake, na ameshinda, na ameharisha.

Barua yako ya pipani ilikaa Burgao, mashua ilivunja usukani. Imenifikia siku ya pili baada ya mimi kushuka.

Ndiyo, nilishuka.

Jua lilikuwa utosini. Maji yalikuwa safi, unaweza kuhesabu matumbawe kutoka juu. Taza mpya alimnata kasa mkubwa karibu na mchanga. Nilishuka, uzi mbele ya macho yangu, na moyoni nikisema, mwanga uko juu, mwanga uko juu. Nikamfikia. Nikamshika ukingo wa gamba ili nimfunge kamba kwenye pezi lake. Hapo maji yakaingia sikioni tena, na dunia ikageuka.

Sikuogopa. Nilifumbua macho nikatafuta mwanga. Niliuona, mkubwa, mweupe, unang'aa. Nikamwachia kasa mkono mmoja nikaunyoosha mwingine kwenye mwanga ule. Mkono ukazama kwenye mchanga.

Ulikuwa mchanga mweupe wa chini, Nasrudin, na jua lote la adhuhuri limelala juu yake. Upande wa pili kulikuwa na kivuli cheusi, ndiyo mashua yetu, nami nilidhani ni shimo. Ulivyoandika kuhusu taa chini ya chupa, mimi nilikuwa nimekwisha kufanya. Nilikuwa nimefika kwenye kitako.

Uzi ulikuwa hapo. Ulikuwa unapita mbele ya uso wangu. Na unajua nilivyomwahidi Badi. Nilikuwa na pumzi kidogo sana imebaki, nami nikaitumia kutovuta uzi. Huo ndio upumbavu wa mjomba wako, uuweke mahali utakapoukumbuka.

Aliyeniokoa ni kasa. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa bado ukingoni mwa gamba, na yeye naye pumzi ilikuwa imemwishia. Kasa naye anakwenda juu kupumua kama sisi. Hakuniuliza. Aliondoka, na akaondoka upande wa lile shimo jeusi. Mwili wangu wote ulikuwa ukiniambia ananipeleka chini. Nilitaka kumwachia. Sikumwachia, na sijui kwa nini. Labda nilikuwa nimechoka kujiamini.

Tulitoka pamoja, kichwa chake na changu. Badi akapiga kelele, "Mfunge! Shee, mfunge kamba, wangoja nini!" Nikafungua mkono. Kasa akavuta hewa, akazama. Taza akabanduka, wakamvuta mzima, hana jeraha.

"Umemwachia!" Badi akasema. "Kasa wa kulisha mtaa! Umemwachia kwa mkono wako!"

Nikashika ubavu wa mashua. Nikasema, "Yeye ndiye aliyenipandisha. Mimi sikujua juu ni wapi. Na ile siku ya uzi pia sikujua."

Kijana mmoja akacheka, akaona yuko peke yake, akanyamaza. Walinipandisha. Nilitapika. Halafu kwa kuwa nilikuwa nimekwisha kuanza, nikawaeleza yote, sikio, na chembe za chokaa, na inzi wako kwenye chupa. Niliwaambia mpwa wangu amewakata inzi vipapasio na wamekaa chini kama mimi. Walisikiliza. Hakuna aliyeshika kasia.

Baadaye, tumekwisha kuvuta mashua mchangani na wenzetu wametangulia, Badi akabaki nyuma. Akasema, "Hao inzi wa Nasrudin. Waliokatwa. Walikuwa wakisikia mlio? Kama wa chungu kinachotaka kuchemka, mchana na usiku?"

Nikamwambia inzi hawasemi.

"Haya," akasema, na akaanza kukunja uzi uliokwisha kukunjwa.

Nilimtazama. Mtu huyu ameacha kuzamia zamani, na siku zote amesema ni kwa sababu ya mgongo.

Jana jioni mbele ya wazamiaji wote alitoa kanuni mpya. Mtu akiwa chini na asijue juu ni wapi, avute uzi. Taza akichanika, atatafutwa taza mwingine. Wazee wawili walinung'unika. Badi akawaambia, "Taza mwingine twampata kwa ndoana. Nani kati yenu aliyewahi kumpata mchu kwa ndoana?"

Mimi sishuki tena. Nakaa kwenye mashua, naushika uzi kwa vidole, nasikia kila anayeugusa chini. Ni kazi ya kukaa, na nimechoka kiasi cha kuipenda.

Mama yako sasa anajua. Nilimsomea barua zako zote, pamoja na sehemu nilizoziruka. Alilia kidogo, kisha akaniuliza kama inzi hao wanapewa chakula.

Usiache shule.

Mjomba wako anayekupenda,
Shee

*

Kismayu, 10 Machi 1957

Kwa mjomba wangu Shee, na kwa mama ambaye najua unamsomea sasa hivi bila kuruka,

Nawasalimu nyote wawili. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama uani, na shangazi akaniuliza mbona nimekaa chini kwenye maji ya kufulia. Sikuwa nimejua kuwa nimekaa. Nilimweleza. Akaingia ndani, akatoka na sahani ya wali, akaiweka mbele yangu, na alipoona imekwisha akaleta ya pili bila mimi kuomba.

Mwambie mama walipewa chakula. Ndizi ya kupondwa, na ya kutosha. Waliokatwa wamezaa humo chupani, na watoto wao wametoka na vipapasio kamili. Wanapanda kama hakuna kilichotokea.

Maestro anataka tuendelee, tukate wengine, tuandike. Nilimwambia nimechoka. Ni mara ya kwanza kumwambia mtu mkubwa jambo kama hilo. Alinitazama, akasema nipumzike, na kazi itanisubiri. Huenda nitarudi kwayo. Bado nataka kujua kile kijinywele kinamwambiaje inzi. Lakini si mwezi huu.

Leo baada ya alasiri niliitoa pamba iliyoziba chupa. Wale watoto waliondoka mara moja, juu, kupitia mdomo wa chupa, wakaenda kwa shangazi jikoni, na nimemsikia akiwalaani. Wazazi wao wachache waliosalia walibaki chini wakizunguka. Niliogopa kuilaza chupa, wasije wakapondeka. Nikachukua uzi wa kushonea, nikaufunga kwenye nondo ya dirisha, na ncha yake nikaiteremsha mpaka kwenye kitako cha chupa.

Sijui kama inzi anajua uzi ni wa nini. Nimeuacha hapo.

Mpwa wako,
Nasrudin